Katuni isipimwe kama habari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalozua kelele kila katuni inapomkera mkubwa, kisha husahaulika mpaka katuni nyingine ikere. Kelele hizo huwa za pande mbili. Wapo wasemao katuni ni utani tu, mchoraji aachwe. Wapo wasemao mchoraji amekosa adabu, ashughulikiwe. Pande zote mbili huliruka swali ambalo lingepaswa kutangulia: katuni hiyo imesema nini hasa, na katika hayo iliyosema, lipi linaweza kuthibitishwa?

Katuni ya siasa hujengwa kwa vitu viwili: msingi na chumvi. Tuseme waziri aliahidi madawati bungeni na mwaka ukaisha bila madawati kufika. Huo ni msingi, na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ipo. Mchoraji anamkalisha waziri juu ya lundo la madawati kama mfalme kwenye kiti chake, huku chini watoto wakiandikia magotini. Hiyo ni chumvi. Hakuna msomaji atakayetoka nyumbani kwenda kulitafuta hilo lundo. Msingi ukiwa wa uongo, mchoraji na mhariri wake wawajibike kama mwandishi yeyote. Chumvi haina ukweli wala uongo wa kupimwa. Ukiichukua picha nzima ukauliza "je, hii ni kweli?", jibu ni hapana kwa kila katuni iliyopata kuchorwa tangu kalamu igunduliwe. Kanuni inayokataza maudhui ya "kupotosha" ikisomwa hivyo, fani nzima inakuwa kosa.

Chukua mfano ulio karibu. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 gazeti la The Citizen liliweka mtandaoni katuni fupi ya video. Mwanamke, ambaye watazamaji wengi walimfananisha na Rais, anabadilisha chaneli za televisheni, na katika kila chaneli anamkuta mtu akieleza habari za ndugu aliyepotea au kuuawa. Tarehe 2 Oktoba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni inayomiliki gazeti hilo, kwa maelezo kwamba maudhui yale yanatishia umoja wa kitaifa na amani. Magazeti yake ya Mwananchi na Mwanaspoti nayo yakanyamaza mtandaoni, hata kwa msomaji aliyetaka matokeo ya mpira tu. Kampuni iliiondoa video ikisema imetafsiriwa vibaya.

Sasa tenganisha. Msingi: zipo familia zinazolalamika kupotelewa na ndugu zao. Hilo lilikuwa limeshaandikwa kama habari, na Septemba mwaka uleule Rais mwenyewe aliagiza uchunguzi wa mauaji ya kada wa upinzani. Chumvi: rimoti. Kwa hiyo kilichoadhibiwa ni rimoti. Kama kulikuwa na jina la uongo ndani ya video, au tukio ambalo halikutokea, hilo lingetajwa kwa jina lake na kampuni ingejibu. "Kutishia umoja" hakujibiki, kwa sababu hakuna sentensi ndani yake unayoweza kuipeleka mbele ya mtu na kumwonyesha ushahidi.

Mfano wa pili una sura nyingine. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican, lililokuwa limesambazwa nchini kwa miaka 20 hivi, lilizuiwa. Wakati huohuo mchora katuni wake, Gado, alikuwa amemchora Rais Kikwete akistareheshwa na wanawake waliobandikwa majina ya maovu kama rushwa na uzembe. Sababu rasmi ya zuio ilikuwa usajili: gazeti halikuwa limesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Magazeti ya 1976. Kifundi, katuni ile naiona dhaifu. Kuutumia mwili wa mwanamke kama lebo ya kila uovu ni uvivu ambao wachora katuni wa Afrika Mashariki tumeurithi na hatujautupa. Lakini udhaifu wa mchoro hutibiwa na mhariri au na barua kali kama hii. Kilichotokea ni kwamba hoja ya picha haikugusika popote, na dosari ya makaratasi iliyolala miaka yote hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Funzo kwa chumba cha habari ni la kikarani kabisa: kabla ya kuchapa katuni kali, hakikisha leseni ya gazeti (ambayo tangu 2017 huhuishwa kila mwaka), leseni ya maudhui ya mtandaoni na risiti za ada vimo ndani ya jalada moja, na tarehe zake hazijapita. Anayetafuta fimbo huanza kuipekua kabati.

Wanaodhani hofu ya picha ni tabia ya Afrika waitazame Ufaransa ya karne ya 19. Mwaka 1831 mchoraji Honoré Daumier alimchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza vikapu vya fedha za walalahoi, akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Mwaka huohuo mchapishaji wake, Charles Philipon, alisimama mahakamani akachora michoro minne: wa kwanza uso wa mfalme, wa mwisho tunda la peasi, na ile miwili ya katikati ikivuka taratibu kutoka uso kwenda tunda. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kama kufanana ni kosa, niambieni kosa linaanzia mchoro wa ngapi. Alifungwa hata hivyo. Septemba 1835 ikapitishwa sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapwa, ingawa maandishi hayakuhitaji kibali hicho. Maneno humfikia anayejua kusoma. Picha humfikia kila mtu, na humfikia kwa pigo moja. Kibali cha michoro kiliondolewa na kurudishwa mara kadhaa mpaka sheria ya habari ya 29 Julai 1881 ilipokizika.

Afrika Kusini wana mfano wenye nafuu. Mwaka 2008 mchora katuni Zapiro alimchora mwanasiasa Jacob Zuma akifungua mkanda mbele ya mwanamke anayewakilisha haki, aliyebanwa chini na washirika wa Zuma. Zuma alikwenda mahakamani kudai fidia ya randi milioni 5. Kesi ilisota hadi Oktoba 2012, madai yakiwa yameshapunguzwa sana, ndipo akaiondoa na kukubali kulipa nusu ya gharama. Picha ile ilikuwa chungu kuliko yoyote niliyoitaja humu. Lakini gazeti halikufungwa hata siku moja, aliyejiona kaumizwa alidai kwa jina lake mwenyewe, na upande wa pili ulipata nafasi ya kujibu.

Sasa niingie jikoni, kwa kuwa wasomaji wengi hudhani udhibiti huja na barua yenye muhuri. Barua huja mara chache. Udhibiti mwingi hutokea saa 12 jioni, kwa sauti ya upole, na anayetamka ni mwenzetu.

Ratiba ya gazeti la kila siku ni kama hivi. Kikao cha asubuhi huwa saa 4. Kufikia saa 7 mchoraji awe na rasimu 3 hadi 5 za penseli, kila moja si kubwa kuliko kiganja, zenye wahusika na maandishi yote. Mhariri anachagua moja. Kuikamilisha kwa wino au kwenye tableti huchukua saa 2 hadi 4. Saa 11 jioni picha iko kwa msanifu kurasa, maana toleo la mikoani hufungwa mapema ili magari yaondoke. Tatizo ni kwamba aliyechagua rasimu mchana mara nyingi siye anayefunga kurasa jioni. Mhariri wa zamu anaiona katuni kwa mara ya kwanza ikiwa imekamilika, hajui ilikotoka, simu yake inaita, na ana dakika 20. Anasema, "Hebu ipunguze makali."

Kupunguza makali kuna namna tatu zilizozoeleka: kumwondoa mhusika sura yake na kubakiza bwana mnene mwenye suti, kufuta kibandiko kinachosema ni nani au ni jambo gani, au kuondoa kichwa kidogo cha juu kinachotaja tukio na tarehe. Mhariri anaamini amelikinga gazeti. Kwa kweli ameliweka wazi zaidi. Katuni iliyosema "waziri huyu, tarehe hii, hakutimiza ahadi hii" sasa inasema "wenye suti wote ni waongo". Ya kwanza ilionyesha kosa la mtu mmoja katika jambo moja. Ya pili inaituhumu serikali nzima bila kutaja kosa.

Soma kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 uone tofauti hiyo inavyolipa. Nia ya uchochezi humo inahusu kuleta chuki au dharau dhidi ya mamlaka halali ya serikali. Lakini kifungu hichohicho kinaacha nje chapisho linalokusudia kuonyesha kwamba serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua zake, au kuonyesha kasoro zake kwa nia ya kuzirekebisha. Mlango huo mdogo hupitika kwa katuni yenye jina, tukio na tarehe. Bwana mnene asiye na jina haenei. Tumezoeshwa kwamba fumbo ndiyo ngao: chora fisi, chora kiti kitupu, kila mtu ataelewa. Ndiyo, ataelewa, na afisa naye ataelewa, ila wewe utakuwa umejinyang'anya ushahidi wa ulichokusudia. Wahenga hawakukosea: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Simkatazi mtu kuchora fisi. Ninachosema ni kwamba fisi huyo ashike gazeti lenye tarehe.

Dawa yake ni nusu karatasi ya A4 inayoambatana na kila katuni tangu rasimu. Iwe na mistari mitano. Tukio ni lipi, na lilitokea lini. Chanzo cha msingi, pamoja na ukurasa: Hansard, hukumu, hotuba, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali). Nini kimetiwa chumvi, kwa sentensi moja. Kila mhusika ni nani, na ana cheo gani cha umma. Maandishi yote yaliyo ndani ya picha, neno kwa neno. Mchoraji anatia saini, mhariri aliyechagua anatia saini, saa inaandikwa. Mhariri wa zamu akitaka kubadilisha kitu, naye anaandika alichobadilisha na kutia saini. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Siku wakili akiitwa, hatakuta watu wanakumbushana nani alisema nini.

Ripoti ya CAG inastahili neno la ziada. Hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni chini ya Ibara ya 143 ya Katiba. Baada ya hapo ni waraka wa umma wenye tarakimu na kurasa. Mchoraji mwenye akili huisoma Aprili yote na kujiwekea msingi wa katuni za miezi 3. Kosa la kawaida ni kuchora kutokana na kichwa cha habari cha gazeti jingine badala ya ripoti yenyewe. Kichwa kinasema "bilioni zaliwa", ripoti inasema malipo hayana viambatisho. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo si chumvi tena, ni msingi uliooza.

Kuna na makosa ya mtambo, ambayo watu wa sheria hawayafikirii. Karatasi ya gazeti hunywa wino. Mstari mwembamba chini ya milimita 0.2 hukatika au hupotea. Michirizi ya kivuli iliyoachiana chini ya nusu milimita huungana ikawa doa jeusi. Kalamu mkononi mwa mhusika ikivimba kwa wino huonekana kisu. Mikunjo miwili ya shavu ikiungana, sura inakuwa ya mtu mwingine ambaye hakukusudiwa. Kwa hiyo mchoro wa mistari uskaniwe kwa nukta zisizopungua 600 kwa inchi, mistari ya uso iwe minene kuliko ya mandhari, na jumla ya wino wa rangi zote nne isizidi asilimia 240. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, pleti ikisogea kidogo tu neno halisomeki, na neno lisilosomeka kila mtu hulisoma atakavyo.

Mtandaoni hatari ni kukatwa. Katuni ikifika WhatsApp hupoteza ubora, kisha mtu hupunguza kingo ili sura ionekane vizuri, na kinachokatwa kwanza ni kichwa cha juu na jina la gazeti pembeni. Baada ya miezi 2 picha inazunguka wakati wa msiba au uchaguzi kana kwamba imechorwa jana. Kinga yake: saini, tarehe kamili na jina la gazeti viandikwe ndani ya mchoro, karibu na mhusika mkuu, kwenye kitu kisichoweza kukatwa bila kumkata na yeye, kama mfuko wa shati, mguu wa meza au kikombe. Herufi zisipungue milimita 2 zikichapwa. Na faili la awali, lenye safu zote na tarehe ya kuhifadhiwa, litunzwe mahali pawili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinatoa saa 2 tu kuondoa maudhui baada ya kuagizwa, na ndani ya saa hizo hakuna atakayepata nafasi ya kutafuta ilichorwa lini.

Wachora katuni nao tuna letu. Ulemavu wa mtu, kabila lake au ibada yake si chumvi ya halali. Havihusiani na alichofanya ofisini. Mke na mtoto wa kiongozi wasiguswe, labda nao wawe wameshika cheo au zabuni. Maiti haichorwi kwa kicheko. Mtu binafsi asiye na madaraka asichorwe kwa sura inayotambulika. Kinga ninayoiombea katuni inahusu madaraka, haihusu hasira za mchoraji kwa jirani yake.

Jambo jingine lisilosemwa ni mchoraji wa kulipwa kwa kipande. Wengi wetu tumetoka kwenye sanaa, hatukutoka vyuo vya uandishi wa habari. Kanuni za 2017 zilifunga ithibati ya mwanahabari kwenye stashahada ya fani hiyo. Matokeo yake mtu anayechora ukurasa wa maoni kila siku anaweza kukosa kitambulisho, mkataba na wakili, huku saini yake ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote kwenye ukurasa. Akiitwa kuhojiwa, gazeti linaweza kusema si mwajiriwa wetu. Kila gazeti linaloagiza katuni liweke kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa barua pepe wa mistari mitatu, kwamba katuni ikishakubaliwa na mhariri ni chapisho la gazeti, na gharama za wakili ni za gazeti.

Kwa upande wa sheria, hatuanzi sifuri. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, vikiwamo vya uchochezi na vya waziri kuzuia machapisho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya 2023 yaliitoa kashfa kwenye makosa ya jinai. Hizo ni hatua. Kilichobaki kwa katuni ni aya moja katika sheria na nyingine katika kanuni za mtandaoni: kwamba mchoro wa kejeli hautahesabiwa kuwa habari ya uongo au ya kupotosha kwa sababu tu umetia chumvi, na kwamba anayelalamika ataje jambo gani la msingi si kweli. Katiba ya Kenya, Ibara ya 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi na kuweka mipaka yake: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Ibara yetu ya 18 inataja maoni na fikra, sanaa haimo.

Sisemi Kenya kumepona. Desemba 2024, mchoraji wa picha za vivuli ajulikanaye kama Kibet Bull alitekwa, akaonekana tena Januari 2025. Ibara nzuri haimzuii mtu aliyekuja na gari lisilo na namba. Lakini inamnyima sababu ya kusimama mahakamani akasema alikuwa kazini, na tofauti hiyo inatosha kuidai.

Wakati tukiisubiri aya hiyo, ofisi yako inaweza kuanza na daftari la kaunta la katuni zilizokataliwa. Safu nne: tarehe, saa, aliyekataa, sababu kwa sentensi moja isiyo na neno "nyeti". Baada ya miezi 6 zihesabiwe: ngapi zilikataliwa kwa kuwa msingi haukuthibitika, ngapi kwa kuwa mchoro ulikuwa mbaya, na ngapi kwa kuwa simu iliita. Hesabu hiyo ichapwe ukurasa huuhuu wa barua.

Wako,
Mchora katuni na msomaji wa gazeti hili,
Dar es Salaam